Kwenye Dirisha la Karani: Safari ya Kutoka Eupen hadi Bozen

Mtu aliyepata riziki yake kwa ukalimani wa mahakama haingii mji mgeni ila hutaka kujua, hata kabla ya kuuliza soko liko wapi na msikiti uko upande gani, mahakama ya mji huo husema lugha gani, na mtu asiyeijua lugha hiyo, akiletwa mbele ya hakimu, husemewa na nani. Mimi kazi hiyo niliianza Tanga, ikanipeleka Korogwe na Lushoto, ikanirudisha Tanga, na kwa muda wote huo ada ilikuwa moja: shahidi akieleza kwa Kisambaa au kwa Kizigua, nami nikimfikishia hakimu kwa lugha aitakayo, hakimu akiandika kwa Kiingereza, na siku ya hukumu mwenyewe mhukumiwa akinitazama mimi usoni, wala si hakimu, apate kujua kama ni kheri au ni shari. Mwaka 2021 Bunge letu likapitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, na furaha yangu ikawa ni ya mtazamaji.

Mpwa wangu, kijana wa Lushoto anayesoma uhandisi katika mji wa Aachen, magharibi ya Ujerumani, aliponialika kwenda kumtazama, nilimjibu kuwa nitakuja kwa sharti moja: asinipeleke kutazama makanisa na majumba ya wafalme, bali anipitishe katika zile nchi ambazo Kijerumani ni lugha ya serikali ilhali nchi zenyewe si Ujerumani. Alidhani namfanyia mzaha. Alipotambua kuwa sivyo, alinipokea katika kituo cha treni, akaniamkia, akachukua mkoba wangu, na kabla hatujatoka nje akanipa habari ambayo alikuwa ameihifadhi kama zawadi.

"Mjomba, unajua kuwa Katiba ya Ujerumani haisemi popote kuwa lugha ya nchi hii ni Kijerumani?"

Nilikuwa sijui, na habari yenyewe ni ya kweli. Sheria ya utaratibu wa idara za serikali hutamka kuwa lugha ya ofisi ni Kijerumani, na sheria ya mahakama hutamka vivyo hivyo, ikiwaachia Wasorbi, ambao ni taifa dogo la Kislavi lililoko mashariki ya nchi, haki ya kusema lugha yao mbele ya hakimu katika wilaya za kwao. Lakini Katiba yenyewe imenyamaza, kwa kuwa jambo ambalo hakuna anayelishindania aghalabu haliandikwi. Waaustria wameliandika, katika ibara ya 8 ya katiba yao. Watu wa Liechtenstein wameliandika tangu 1921. Uswisi, Luxembourg na Ubelgiji zimeliandika kila moja kwa namna yake na kwa tahadhari yake, na Italia imeliandika kwa ajili ya jimbo moja tu la milimani, baada ya ugomvi uliofikishwa mpaka Umoja wa Mataifa. Huo Umoja ambao miongoni mwa lugha zake rasmi sita Kijerumani hakimo, ijapokuwa katika Umoja wa Ulaya hakuna lugha yenye wazawa wengi kukizidi.

Msomaji wa pwani atauliza, na ana haki ya kuuliza, mbona lugha hiyo haikusalia kwetu, maadamu Wadachi walitutawala tangu miaka ya 1880 hadi vita vikuu vya kwanza. Jibu ni kuwa hawakuifanya kuwa lugha ya utawala wa kila siku. Babu yangu mzaa baba alikuwa akihadithia kuwa barua ya boma ilipomfikia jumbe ilikuwa ni ya Kiswahili, na akida aliyeileta alikuwa ni mtu wa pwani. Na vitabu vinamsadiki, kwa kuwa shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890 ilisomesha makarani kwa Kiswahili, na gazeti la *Kiongozi* lilitoka hapo hapo kwa Kiswahili, na huko Berlin, tangu 1887, palikuwa na chuo cha lugha za mashariki ambacho maofisa wa kwenda Afrika walifundishwa lugha yetu na waalimu wa kwetu, akiwemo Amur bin Nasur wa Unguja na, baadaye, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kiswahili kilikuwa tayari njia kuu ya biashara hadi maziwa makuu, na kukitumia kulikuwa rahisi kuliko kumfundisha mtu wa Tabora lugha ya Berlin. Fauka ya hayo walikuwako Wadachi waliochelea kuwa Mwafrika akijua Kijerumani atasoma mambo yasiyomhusu. Basi mtawala alijifunza lugha ya mtawaliwa, jambo ambalo kwa nje lafanana na heshima. Lakini alijifunza ili aamrishe, wala si ili aulizwe, na hiyo ndiyo tofauti niliyotaka kwenda kuitazama kwa macho yangu: dola inapoijua lugha yako kwa faida yake, na dola inapolazimika kuijua kwa faida yako.

Kutoka Aachen hadi Eupen ni mwendo wa basi usiofika saa moja, na mpaka wa Ujerumani na Ubelgiji hupitwa bila ya mtu kuinua macho. Eupen ni mji mdogo wa mteremkoni, wenye nyumba za mawe zilizojengwa na wafanyabiashara wa nguo za sufi, na ndiyo makao makuu ya ile inayoitwa Jumuiya ya Wasemao Kijerumani, yenye wilaya ndogo tisa na watu wapatao elfu sabini na kitu, yaani watu wasiofika hata nusu ya mji wa Tanga. Nayo hata hivyo ina bunge lake la wajumbe 25, na serikali yake, na mawaziri wake. Nilipoona jengo la bunge hilo nilicheka, si kwa dharau, bali kwa mshangao wa mtu aliyetoka katika nchi ambayo watu wa idadi hiyo wangeambiwa wasubiri diwani wao atakaporudi kutoka makao makuu ya mkoa.

Watu hawa hawakuomba kuwa Wabelgiji. Baada ya vita vya kwanza, mkataba wa Versailles uliikabidhi Ubelgiji nchi ya Eupen na Malmedy, ikasemwa kuwa wenyeji wataulizwa. Wakaulizwa kweli, mwaka 1920, kwa namna hii: daftari liliwekwa wazi mbele ya maofisa wa Kibelgiji, katika vituo viwili tu, na asiyeitaka Ubelgiji alitakiwa afike mwenyewe, ataje jina lake, atie sahihi. Kati ya watu 33,726 waliokuwa na haki ya kupiga kura hiyo, waliotia sahihi walikuwa 271. Mimi nimeona watu wengi wakitia sahihi katika umri wangu, na nimeona pia wasiotia, na wala sihitaji mwanahistoria anifafanulie idadi hiyo. Hitler akaichukua nchi hiyo tena mwaka 1940, vikapita vita, ikarudi Ubelgiji, na kwa miaka mingi baada ya hapo Mwenye-Kijerumani wa Eupen alitembea kimya, kwa kuwa lugha yake ilikuwa ni lugha ya adui aliyeshindwa.

Kilichowaokoa hakikuwa huruma ya mtu. Ni ugomvi wa wengine. Waflemi na Wawaloni, walipokuwa wakiigawa dola ya Ubelgiji kwa misingi ya lugha kuanzia miaka ya 1960 na 1970, walitunga kanuni kuwa kila lugha ina ardhi yake na baraza lake, na kanuni ikisha kutungwa haiwezi kumwacha mtu wa tatu nje bila ya kujifedhehesha. Ndipo kijitaifa hiki cha mashariki kikapata baraza lake mwaka 1973, na mamlaka yakazidi kuongezwa, mahakama ya Kijerumani ikafuata katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 Katiba ya Ubelgiji, dola iliyoasisiwa 1830, ikapata hatimaye matini rasmi ya Kijerumani. Mfalme wa nchi hiyo, Philippe, alipotawazwa mwaka 2013 aliapa kwa lugha tatu. Ofisi inayozifasiri sheria za shirikisho kwa Kijerumani nayo iko Malmedy, mji ambao wenyewe husema Kifaransa, na hilo ni miongoni mwa mambo ya Ubelgiji ambayo mgeni hafaidiki kwa kuyauliza sababu.

Ningependa niseme pia habari ya Kelmis, iliyo jirani, ambayo kwa sababu ya mgodi wa zinki ilikaa tangu 1816 hadi baada ya vita vya kwanza bila ya kuwa mali ya dola yoyote moja, na mwaka 1908 baadhi ya wenyeji wakataka kuifanya nchi ya Kiesperanto. Lakini treni yetu ilikuwa imefika.

Treni ya kutoka Eupen huikata Ubelgiji nzima hadi baharini, na mkaguzi wa tiketi wa treni hiyo nilimsikiliza kwa sikio la kazi. Tulipoondoka alitukaribisha kwa Kijerumani. Dakika chache baadaye, tulipoingia Welkenraedt, ambako ardhi ni ya Kifaransa, sauti ile ile ikasema Kifaransa, na mpwa wangu akaniambia kuwa mbele huko itageuka Kiflemi, na mjini Brussels zitasemwa lugha mbili. Abiria ni wale wale, wamekaa viti vile vile. Ardhi ndiyo iliyosemeshwa. Nchini Ubelgiji lugha si ya mtu, ni ya udongo, na mwenye kuvuka mpaka huiacha haki yake nyuma kama aachavyo mwavuli.

Luxembourg hawafanyi hivyo, na kwa kuwa nchi yenyewe ni ndogo na nauli ya treni na basi haitozwi kabisa tangu 2020, mtu aweza kuizunguka na kuichunguza kwa gharama ya miguu yake. Sheria ya mwaka 1984 imekitaja Kiluxembourg kuwa lugha ya taifa, ikaiacha kazi ya kuandika sheria kwa Kifaransa peke yake, na mambo ya ofisi na mahakama ikayafungulia lugha zote tatu, Kijerumani kikiwemo. Na mwananchi akiiandikia ofisi kwa mojawapo, ofisi hutakiwa, kadiri iwezekanavyo, imjibu kwa hiyo hiyo. Mtoto husema Kiluxembourg kwa mama yake na kwa desturi hufunzwa kusoma kwa Kijerumani, kisha huingizwa katika Kifaransa. Na magazeti ya mzee wa Luxembourg, ambaye hukumu yake huandikwa Kifaransa, kwa sehemu kubwa ni ya Kijerumani. Nilikaa mkahawani karibu na kituo nikamwona bwana mmoja akisoma gazeti la Kijerumani, akiagiza kahawa kwa Kifaransa, na kumgombeza mbwa wake kwa Kiluxembourg. Nchi ya watu wenye subira.

Strasbourg ilinishughulisha zaidi, kwa sababu huko Kijerumani hakina hadhi yoyote. Nchi ya Alsace ilihamishwa kutoka Ufaransa kwenda Ujerumani mwaka 1871, ikarudi 1918, ikachukuliwa 1940, ikarudi tena vita vilipokwisha, na wazee wake walizaliwa na kufa chini ya bendera tofauti bila ya kuhama nyumba. Leo katiba ya Ufaransa yasema kuwa lugha ya Jamhuri ni Kifaransa, na neno limekwisha hapo. Katika mitaa ya kale vibao vina jina la Kialsace chini ya lile la Kifaransa, na hayo ni mapambo. Walakini sheria za Kijerumani zimebaki! Wafaransa waliporudi waliona kuwa baadhi ya sheria za Kaisari, hususani zile za bima ya wafanyakazi, za vyama na za daftari la ardhi, ni bora kuliko zao, wakaziacha zifanye kazi, na hata leo daftari la ardhi la Alsace liko chini ya hakimu, na Ijumaa Kuu ni sikukuu huko wakati Mfaransa wa Paris yuko kazini. Hadi miaka ya karibuni baadhi ya sheria hizo zilikuwa hazina tafsiri rasmi ya Kifaransa. Mtu akihukumiwa kwa sheria iliyo hai, iliyoandikwa kwa lugha iliyozikwa, huyo ni ndugu yangu, maana na mimi nimepata kuona, katika majalada ya kale ya mashauri ya mashamba ya mkonge, nakala za hati za Kidachi ambazo hapana mtu mahakamani aliyeweza kuzisoma, na ambazo mawakili wa pande zote mbili walizitaja kwa heshima kubwa.

Katika treni ya kwenda Basel mpwa wangu, ambaye alikuwa ameanza kuipenda safari hii kuliko alivyotarajia, aliniuliza kama katika Afrika nzima hakuna nchi iliyowahi kukipa Kijerumani cheo. Ilikuwako. Afrika ya Kusini Magharibi, ilipokuwa bado mikononi mwa Makaburu, ilikifanya Kijerumani kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kiafrikana tangu 1984, na cheo hicho kikaondoka mwaka 1990, Namibia ilipopata uhuru na katiba yake ikakitaja Kiingereza peke yake. Kijerumani kimebaki kuwa miongoni mwa lugha za taifa, kina shule zake, idhaa yake ya redio na gazeti lake la kila siku lililoanzishwa mwaka 1916. Nilimweleza kuwa idadi ya wasemaji wake ni ndogo, na kuwa miongoni mwa wananchi wenzao wamo wajukuu wa Waherero na Wanama walionusurika katika mauaji ya 1904 hadi 1908. Kwa hiyo uamuzi wa 1990 haukuhitaji hotuba ndefu. Kijana alinyamaza, akatazama nje, kisha akauliza kama nina njaa.

Mji wa Biel, katika Uswisi, una desturi ambayo ningetamani kuiona katika kila mji wa mpakani: Kijerumani na Kifaransa vina haki sawa, na anayeanza kusema ndiye achaguaye lugha, mwenziwe humfuata. Tulisimama dukani nikamtuma mpwa wangu aseme Kijerumani, akajibiwa kwa Kijerumani. Mama aliyekuwa nyuma yetu akaanza kwa Kifaransa, na msichana yule yule akageuka bila ya kubadili hata sura. Ndiyo Uswisi kwa jumla: sheria za shirikisho hutoka kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiitalia, na hakuna matini moja iliyo bwana na nyingine mtumwa, na Kiromanshi, chenye watu wachache mno, kilipewa na wananchi wenyewe hadhi ya lugha ya taifa kwa kura ya mwaka 1938. Lakini mpwa wangu alilalamika kuwa hawaelewi, kwa kuwa Kijerumani wanachokiandika na kukisoma bungeni na magazetini sicho wanachosemeshana. Cha kuandikia ni kanzu ya Ijumaa, na wakitoka tu msikitini huivua.

Liechtenstein tuliivuka kwa basi. Ni nchi pekee, katika hizi nilizozitaja nje ya Ujerumani na Austria, ambayo Kijerumani hakina mshindani, na kwa sababu hiyo hiyo sikupata cha kuuliza. Austria tuliipita usiku, tukalala Innsbruck, na asubuhi tukapanda treni ya kupandisha mlima.

Katika kituo cha Brenner jina limeandikwa mara mbili, Brennero na Brenner, na kuanzia hapo hadi mwisho wa jimbo kila kitu kimeandikwa mara mbili. Hii ndiyo Tirol ya Kusini, ambayo Waitalia huiita Alto Adige: mabonde ya matofaa na mizabibu chini ya majabali meupe, nchi ya Austria kwa karne nyingi, ambayo mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliipa Italia kwa kuwa Italia ilitaka mpaka wake uwe juu ya kilele cha mlima. Wenyeji takriban wote walikuwa wa Kijerumani, pamoja na Waladini wachache wa mabonde ya juu wenye lugha yao ya kale. Walipokuja mafashisti, jambo hilo waliliona kuwa ni kosa la maumbile linalopasa kusahihishwa, na msahihishaji alikuwa Ettore Tolomei, mtu aliyekwisha kuandaa orodha ya majina ya Kiitalia ya maelfu ya vijiji, mito na vilele, mengine yakiwa ya kale, mengine ya kubuni, na mwezi wa Julai 1923 akasimama katika ukumbi wa tamthilia wa mji wa Bozen akasoma mpango wake wa vifungu 32. Shule za Kijerumani zikafungwa. Makarani wakabadilishwa. Padri Michael Gamper akawahimiza watu wafundishe watoto kwa siri, na yakatokea yale madarasa yaliyoitwa shule za makaburini, katika maghala ya nyasi na jikoni mwa wakulima, ambamo msichana wa kijiji, hana cheti wala mshahara, aliwafundisha watoto wachache wachache herufi za lugha ya mama zao, na askari wakimkuta hufungwa.

Mwaka 1939 Hitler na Mussolini wakapatana kuwa kila Mjerumani wa jimbo hilo achague moja: abaki na ardhi yake aiache lugha yake, au aifuate lugha yake aiache ardhi. Wengi kupita kiasi walichagua kuondoka, na kiasi cha watu 75,000 wakaondoka kweli kabla vita havijauzuia msafara. Ndugu waliochagua tofauti wakawa maadui mpaka kizazi cha pili. Nimesoma habari nyingi za ukatili uliofanywa kwa bunduki, lakini huu, uliofanywa kwa fomu na tarehe ya mwisho, una ubaya wa namna yake.

Vita vilipokwisha, mawaziri Gruber wa Austria na De Gasperi wa Italia walitia sahihi mjini Paris, tarehe 5 Septemba 1946, ahadi ya kuwapa watu hawa lugha yao na madaraka yao. Ahadi ikacheleweshwa. Mwaka 1957 Silvius Magnago, aliyepoteza mguu wake vitani, alihutubia maelfu ya watu katika magofu ya ngome ya Sigmundskron. Mwaka 1960 Austria ikalifikisha shauri Umoja wa Mataifa. Na katika usiku mmoja wa Juni 1961 nguzo za umeme 37 zikalipuliwa. Ndipo zikaanza kamati, na kamati zikazaa sheria kuu ya pili ya jimbo, ya mwaka 1972, ambayo ibara yake ya 99 inakilinganisha Kijerumani sawa sawa na Kiitalia, na mwaka 1992 Austria ikatangaza kuwa shauri limekwisha. Miaka arubaini na sita tangu sahihi hadi risiti.

Bozen yenyewe ina Waitalia wengi, waliohamishiwa viwandani zamani zile, na mapambano yake yamesimamishiwa mawe. Sanamu ya Walther von der Vogelweide, mshairi wa Kijerumani wa karne za kati, iliwekwa katika uwanja mkuu mwaka 1889, mafashisti wakaiondoa wakaitupa pembeni mwaka 1935, ikarudishwa 1981. Mnara wa Ushindi, uliofunguliwa mwaka 1928, una maandishi ya Kilatini yanayodai kuwa kutoka hapa Waitalia waliwastaarabisha wengine kwa lugha, sheria na sanaa. Haukubomolewa, ila tangu 2014 chini yake mna makumbusho yanayoeleza nani aliujenga na kwa nini, na nguzo yake moja imevishwa pete ya taa zenye maandishi. Nami naona hivi ndivyo inavyofaa.

Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya mahakama. Jumba lake linatazamana na lililokuwa jumba la chama cha kifashisti, ambalo ukuta wake una Mussolini juu ya farasi, aliyechongwa kwa mawe, na tangu 2017 juu yake huwaka usiku, kwa lugha zote tatu za jimbo, maneno ya Hannah Arendt yanayomnyima kila mtu udhuru wa kusema kuwa alikuwa akitii tu. Katika ofisi ya umma tuliyoingia, na ambayo mgeni aweza kukaa kitako asifukuzwe, nilikaa kwenye benchi mkabala na dirisha la karani kama nilivyokaa nyuma ya dirisha la namna hiyo nusu ya umri wangu. Bibi mmoja mkulima, aliyevaa sweta nzito na viatu vya matope, alifika akasema Kijerumani cha milimani ambacho mpwa wangu alikishika nusu nusu. Karani, ambaye kibao chake kilikuwa na jina la Kiitalia tupu, alimjibu kwa Kijerumani cha darasani, cha polepole, chenye kila irabu mahali pake; akampa fomu yenye safu mbili, kushoto Kiitalia, kulia Kijerumani; na bibi alipoandika aliweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya safu ya Kiitalia, sijui kwa chuki au ili macho yasipotee. Mara moja hakufahamu. Aliyejitahidi kutafuta neno jingine alikuwa karani, si bibi.

Hilo ndilo nililokuwa nimelifuata. Karani huyo hakujifunza kwa hiari: tangu sheria ya 1976, hapana aajiriwaye katika ofisi ya umma ya jimbo hili, awe daktari, tarishi au mwalimu mkuu, bila ya cheti cha mtihani wa lugha zote mbili, kila daraja ya kazi na daraja yake ya mtihani, na mwenye cheti hulipwa posho juu ya mshahara. Mbele ya hakimu, mshtakiwa huulizwa kwa lugha yake na kesi huendeshwa kwa lugha hiyo, na shughuli iliyofanywa kinyume cha hayo yaweza kubatilishwa. Mkalimani hahitajiki, kwa kuwa hakimu mwenyewe ametahiniwa. Nilifurahi kwa ajili ya mshtakiwa, na nikahuzunika kidogo kwa ajili ya kazi yangu.

Dawa hiyo ina uchungu wake, nao hauandikwi katika vitabu vya watalii. Ajira za umma hugawanywa kwa kadiri ya wingi wa kila kundi, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 Wajerumani walikuwa asilimia 69.41, Waitalia 26.06, Waladini 4.53. Ili mgawanyo uwezekane, kila mtu hutakiwa atangaze yeye ni wa kundi lipi; tangazo hutiwa ndani ya bahasha, bahasha hufungwa, na huwekwa mahakamani, na anayetaka kazi au nyumba ya umma huja kuchukua hati ya kuthibitisha kilichomo. Mtoto wa baba Mwitalia na mama Mjerumani, aliyelelewa kwa lugha mbili na kuota ndoto kwa zote mbili, sharti achague moja. Shule nazo ni mbalimbali, za Kijerumani kando na za Kiitalia kando, kila moja ikifundisha lugha ya jirani kama somo, na vijana wa mtaa mmoja hupishana asubuhi wakielekea malango tofauti. Wazee walioziona shule za makaburini huikubali bei hiyo bila ya kupepesa. Wajukuu wao, nilivyoelezwa katika meza za mkahawa, wameanza kuitazama tena.

Tulipokuwa tukishuka ngazi nilimwuliza mpwa wangu, iwapo siku moja angepata kazi na uraia katika mji huu, angetia jina gani ndani ya bahasha yake, maana sheria haina safu ya Wasambaa, na asiye wa kundi lolote katika hayo matatu hutakiwa ajiunge na mojawapo.

"Ningejiandikisha Mladini, Mjomba," akasema. "Wao wachache, foleni yao itakuwa fupi, na mtihani wao wa lugha tatu haumtishi mtu aliyezaliwa na Kisambaa, akasomeshwa kwa Kiswahili, akatahiniwa kwa Kiingereza."